Kamani, Komeo na Chambo: Maelezo ya Mtego wa Panya

Kila mwaka masika yanapokaza, na hasa katika miaka ile ambayo maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda kupita kawaida yake hata yakazikuta nyumba za chini za Kibenga, kama ilivyotokea mwaka 2020 na 2021 na tena mwaka 2024, hawahami wanadamu peke yao. Panya nao, ambao maskani yao yalikuwa mashimo ya ukingoni na mitaro ya njia, hulikimbia ziwa wakapanda kwenye nyumba kavu na maghala, na huko hukuta riziki isiyo ya jasho lao: magunia ya mchele na maharagwe, mihogo mikavu, na vikapu vya ndagala, yaani wale dagaa wa ziwa letu ambao katika mji wa Bujumbura ni kitoweo cha tajiri na cha maskini. Anayekaa mtaa huu wa kusini mwa mji, jirani na Kinindo na Kanyosha, hahitaji kuhubiriwa madhara ya panya. Anachohitaji ni kujua namna ya kumzuia pasipo kuitia sumu nyumba yenye watoto na kuku. Na katika njia zote nizijuazo, iliyo nyepesi kwa gharama, iliyo dhahiri kwa macho, na ambayo fundi yeyote wa baiskeli aweza kuitengeneza kwa mikono yake, ni mtego wa ubao wenye kamani.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima auzaye ndagala, alinijia asubuhi moja na mtego wa namna hiyo mkononi, alioununua siku chache kabla, akaniambia kwa uchungu:

“Mwalimu, hebu nitazamie kitu hiki. Usiku wa kwanza panya amekula chambo akaenda zake, mtego umenyamaza. Usiku wa pili nikaulegeza, ukafyatuka wenyewe bila kuguswa na kitu. Na leo alfajiri umemnasa mjukuu wangu kidole.”

“Pole sana, mama. Na kidole chake kikoje?”

“Kimevimba, lakini hakikuvunjika. Mungu amemhifadhi.”

Nilikaa na mtego ule jioni nzima, nikiwa na mizani ya jikoni, rula na kioo cha kukuza, na ilivyonidhihirikia ni kwamba kamani yake ilikuwa na nguvu maradufu ya ile inayohitajika kwa kipanya cha nyumbani, ilhali ncha ya komeo lake ilikuwa imekatwa kwa koleo na kuachwa na makwaruzo, hata ikawa mara inang'ang'ania na mara inateleza. Aliyeutengeneza alidhani, kama wanavyodhani wengi, kwamba ubora wa mtego ni ukali wa pigo lake. Mimi, baada ya miaka mingi ya kuwafundisha vijana ufundi wa mitambo, naamini kinyume cha hayo: kulipata pigo ni jambo jepesi, na taabu yote ya usanifu, pamoja na uadilifu wake, imo katika kile kipande kidogo kinacholizuia pigo mpaka wakati wake uwadie.

Wazee wetu walilijua hili kabla waya wa chuma haujafika kwetu. Mtego wa tanzi, ambao watu wa pwani na wa bara wameutega tangu jadi, una ufito mbichi uliopindwa kuelekea ardhini, kamba yenye kitanzi, na kijiti kidogo cha kuzuia. Ufito ndio kamani, kijiti ndicho komeo, na neno mtambo, ambalo leo twalitumia kwa mashine kubwa za viwandani, katika Kiswahili cha zamani lilikuwa pia jina la kifyatuo cha mtego na cha bunduki. Ufito mnene haukumfaa kitu mtegaji ambaye kijiti chake kilichongwa vibaya.

Mtego wa ubao na waya tuuonao leo madukani ulizaliwa mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1894 William Hooker wa Abingdon, katika jimbo la Illinois huko Marekani, alipata hataza ya mtego wenye kamani ya waya uliosokotwa. Miaka michache baadaye James Henry Atkinson wa Leeds, huko Uingereza, akautengeneza wake ulioitwa Little Nipper, ambao haki zake aliziuza mwaka 1913 kwa pauni 1,000. Naye John Mast wa Lititz, katika jimbo la Pennsylvania, akapata mwaka 1903 hataza ya ule uliokuja kuenea kwa jina la Victor. Mwaka huohuo wa 1894 Alexandre Yersin alikuwa Hong Kong akikitambua kijidudu cha tauni, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, akaonyesha kwamba mwenye kukitoa kijidudu hicho kwa panya na kukileta kwa mtu ni kiroboto. Mwaka 1898 huo, Robert Koch aliandika habari za tauni ya Kiziba, magharibi ya Ziwa Viktoria, nchi isiyo mbali sana na hii yetu. Mwaka 1902 soko la Wahindi la Nairobi likateketezwa kwa moto ili kuikomesha tauni. Mwaka 1980 ikazuka Lushoto, katika milima ya Usambara, ikawapata maelfu ya watu katika miaka iliyofuata. Na huko Ituri, mashariki ya Kongo, haijakoma. Nayataja haya ili msomaji asiuone mtego kuwa ni kitu cha kuchezea watoto, wala asifikiri kwamba wale waliopoteza siku zao wakipinda waya walikuwa hawana kazi ya maana.

Viungo vya mtego huu ni vitano tu. Upo ubao, ambao huvibeba vyote. Ipo kamani, waya uliozungushwa kama konokono. Upo upinde, waya mnene uliokunjwa pembe nne, ndio upigao. Lipo komeo, kijiti cha waya kinachoulaza upinde nyuma usiruke. Na kipo kibati, kipande chembamba cha bati kinachobeba chambo na kuishika ncha ya komeo. Kamani vijana huiita springi, na mafundi wa mji huu waliojifunza kazi kwa Kifaransa huiita resori. Lolote ulitumialo kati ya majina hayo, maana ni chuma kinachokumbuka umbo lake na kutaka kulirudia.

Kanuni inayoitawala kamani ilitangazwa na Robert Hooke mwaka 1678, nayo ni kwamba kadiri unavyoilazimisha ndivyo inavyokupinga, kwa nisba ileile. Katika mtego wetu kamani haivutwi bali husokotwa, kwa hiyo kipimo chake ni pembe: ukiizungusha pembe mara mbili ya ile ya kwanza, upinzani wake nao huwa mara mbili. Lakini nguvu inayowekwa akiba ndani yake haifuati nisba hiyo. Hiyo hukua kwa mraba, yaani pembe ikizidi mara mbili akiba huwa mara nne. Kutokana na jambo hili hupatikana hekima ya kwanza ya msanifu, kwamba kamani isifungwe kwenye ubao ikiwa imelegea, bali isokotwe kidogo kabla hata mtego haujategwa, nyuzi 30 hivi, ili upinde uwe unaubana ubao hata unapopumzika. Kwani mtego ambao kamani yake humaliza nguvu pale pale upinde unapogusa ubao humpiga mnyama kisha ukamwachilia.

Na tuchukue mfano wenye hesabu. Kwa kipanya cha nyumbani, ambaye uzito wake ni gramu 15 mpaka 25 tu, nimetumia waya wa chuma cha kamani wenye unene wa milimita 1.5, uliozungushwa mara 12 katika kipenyo cha milimita 10, na upinde wenye urefu wa sentimita 5. Upinde ukirudishwa nyuma nusu duara, juu ya zile nyuzi 30 za awali, nguvu yake mwishoni hukaribia nyutoni 10, ambazo ni kama uzito wa kilo moja, na akiba iliyomo ni juli 0.85 takriban, sawa na jiwe la nusu kilo linapodondoka kutoka kimo cha sentimita 17. Kwa kiumbe wa gramu 20 hiyo yatosha na kusalia, naye hufa upesi kuliko kufumba na kufumbua, na ndivyo ipasavyo, kwa sababu aliyeazimia kuua hana haki ya kutesa.

Panya mkubwa wa darini, yule mweusi mwenye mkia mrefu kuliko kiwiliwili, ana gramu 150 mpaka 200, kwa hiyo hataki mtego uleule uliokazwa zaidi. Anataka mtego mwingine. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, kwani huchukua ubao uleule wakabadilisha waya tu, pasipo kujua kwamba ugumu wa kamani hukua kwa unene wa waya uliozidishwa kwa nafsi yake mara nne: ukitoka milimita 1.5 ukaenda 2, ugumu huzidi mara tatu na ushei, na chuma chenyewe hukazwa karibu na kikomo cha unyumbufu wake, hata siku ya pili hakirudi tena kilipotoka. Vivyo hivyo anayeigawa ile mizunguko 12 akaiweka sita upande huu na sita upande ule, kwa kupenda ulinganifu, asidhani amebaki na kamani ileile; ameifanya kuwa ngumu mara nne, na kila upande unabeba mkazo ambao waya huo hauuwezi. Kwa panya wa darini nimeridhika na waya wa milimita 2.5, mizunguko 12 katika kipenyo cha milimita 16, na upinde wa sentimita 7.5, akiba yake hupita juli 4, na nguvu ya mwisho wa upinde hufikia uzito wa kilo tatu, ambao si wa kukaribiwa na mkono wa mtoto.

Waya wa kamani hapa mjini haupatikani kila duka, lakini taka za mafundi zimejaa vya kufaa. Spoki za baiskeli, zenye unene wa milimita 2, ni nzuri mno kwa upinde wa mtego mdogo na kwa komeo. Kamani za vibanio vya nguo zaweza kumfaa kipanya zikichaguliwa zilizo ngumu. Chuma cha miavuli iliyovunjika nacho ni chuma chenye kurudi. Waya ule laini wa kufungia nondo haufai kabisa: uupinde kwenye kidole kisha uuache, nao utabaki ulivyopindwa. Unapozungusha waya wako, tumia kiini chembamba kuliko kipenyo unachokitaka, kwa mfano nondo ya milimita 7 ili kupata kamani ya milimita 10, kwa sababu waya utajifungua kidogo ukiuachilia. Na uizungushe upande ambao, mtego ukitegwa, mizunguko itazidi kujibana wala haitajifungua. Ukitaka kuituliza kwa moto, basi iwe polepole mpaka chuma kipate rangi ya majani makavu, kisha uiache ipoe. Chuma kikiwa chekundu kimekwisha kupoteza kumbukumbu yake, na hapana dawa ila kutafuta waya mwingine.

Sasa nalifikia komeo, ambalo kwangu ndilo moyo wa habari hii.

Tazama tatizo lilivyo. Upande mmoja kuna nguvu ya nyutoni 10 inayotaka kuruka, na upande mwingine kuna kiumbe wa gramu 20 ambaye hataugusa mtego kwa uzito wake wote, bali kwa pua na meno na labda mguu mmoja wa mbele. Nguvu ile kubwa sharti imsubiri mnyonge huyu usiku kucha, pasipo kuchoka na pasipo kujifyatukia, kisha imtii mara moja anapogusa. Wenzo ndio unaoliwezesha jambo hili. Komeo hufungwa nyuma ya ubao kwa msumari uliopindwa, na hapo ndipo penye egemeo lake. Hupita juu ya upinde uliolazwa, sentimita 1 kutoka kwenye egemeo, kisha huendelea mpaka ncha yake, sentimita 6 kutoka kwenye egemeo hilohilo, ikaingia chini ya ulimi wa kibati. Kwa hiyo nyutoni 10 za upinde, zikifika kwenye ncha, zimekwisha kupungua mpaka sehemu moja ya sita, yaani nyutoni 1.6 hivi. Lakini kibati hakipingani na nguvu hiyo yote. Kinachokizuia kuteleza ni msuguano wa chuma kwa chuma, ambao kwa waya uliosuguliwa vizuri ni kama sehemu moja ya tano ya nguvu inayobana, yaani nyutoni 0.32. Na kibati chenyewe nacho ni wenzo: ulimi wake uko nusu sentimita kutoka kwenye mhimili wake, na chambo kiko sentimita moja na nusu, basi nguvu inayotakiwa penye chambo ni theluthi ya ile ya ulimi. Tukimaliza hesabu twapata nyutoni 0.1 na kidogo, ambao ni uzito wa gramu 11. Kilo moja imefungwa na gramu 11.

Katika mnyororo huo viungo viwili ni vya vipimo, navyo havibadiliki usiku wa manane; kile cha tatu, msuguano, ndicho kisichoaminika. Kutu huuzidisha, makwaruzo ya koleo huuzidisha zaidi, na unyevu wa ziwa letu haukomi kuleta kutu. Panya wa usiku wa kwanza, yule aliyekula chambo cha jirani yangu akaenda zake, aliokolewa na msuguano uliozidi. Na usiku wa pili, mama alipoisogeza ncha ya komeo ikabaki imeshikwa kwa unywele tu, mtego ulifyatuka kwa mtetemo wa gari lililopita njiani. Dawa yake ni tupa na msasa. Ncha ya komeo isuguliwe mpaka iwe laini na mviringo kidogo, ulimi wa kibati nao vivyo hivyo, kisha viguswe kwa nta ya mshumaa, na kina cha kushikana kwao kiwe milimita 1, kisizidi sana wala kisipungue.

Kupima si lazima kuwe na ala za maabara. Mtego ukiwa umetegwa na hauna chambo, weka juu ya kibati kikombe chepesi cha karatasi, ukitumia kijiti kirefu badala ya vidole, kisha utie maji kwa kijiko cha chai, ambacho hubeba gramu 5 hivi. Kwa kijiko cha kwanza mtego usishtuke. Kwa cha tatu sharti uwe umekwisha kufyatuka. Ukifyatuka kwa cha kwanza ongeza kina cha kushikana. Ukikaa kimya baada ya cha tatu rudi kwenye msasa. Fanya hivyo mara kumi, kwani mtego unaojibu sawasawa mara tisa na kukosea mara moja bado haujawa tayari kuwekwa chumbani.

Pigo nalo lina mahali pake. Upinde unapoanguka yapasa uangukie kisogoni, penye mfupa wa shingo, si puani wala mgongoni. Na kwa kuwa kutoka pua ya kipanya mpaka kisogo chake ni kama sentimita 2 na nusu, na kwa panya wa darini ni karibu maradufu ya hiyo, basi umbali kati ya chambo na mstari wa pigo ufuate vipimo hivyo. Wengi wa panya wanaonusurika wakiwa na jeraha ni kwa sababu mtego wa panya mkubwa umetegewa kipanya, au kinyume chake. Ubao uwe wa mti mkavu usiopasuka kwa misumari, kama mvule au mkaratusi uliokaa muda mrefu, na matundu ya misumari yatobolewe kwanza.

Mtego ukiwa umekamilika, bado kuna tabia za mnyama mwenyewe. Kipanya ni mdadisi, hukijia kitu kipya usiku uleule. Panya wa darini ana hadhari kubwa, na kitu kigeni njiani mwake atakizunguka siku kadhaa kabla ya kukigusa. Kwa huyo wa pili yafaa mtego uwekwe na chambo chake ukiwa haujategwa, siku tatu hata juma zima, mpaka ale kwa amani, ndipo utegwe. Wote wawili hupita wakiambaa na ukuta, kwa hiyo ubao usimame kama msalaba na ukuta, upande wa chambo ukiugusa ukuta wenyewe. Uliowekwa katikati ya chumba humnasa mwenye nyumba kabla ya panya.

Na chambo chenyewe? Jirani yangu alitumia ndagala, kwa hoja kwamba ndicho walichokuja kukiiba. Nilimwomba afikiri upya. Panya aliyelala juu ya kikapu cha ndagala hana haja ya kumfuata mmoja aliyewekwa juu ya ubao. Ataifuata ladha asiyoipata ghalani. Katika ghala la samaki nasifu karanga zilizokaangwa zikapondwa na tone la mawese, na katika ghala la nafaka hapo ndipo ndagala hushinda. Kiasi kiwe kidogo, kama punje ya haragwe, na kishindiliwe au kifungwe kwa uzi kwenye kibati, ili mnyama alazimike kukivuta. Chambo kilichowekwa ovyo juu hulambwa kwa ulimi usiofika hata gramu 11.

Kuna sababu ya pili ya kuliacha pendekezo lake la ndagala, nayo ni kirukanjia, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye watu humdhania kuwa panya, ilhali chakula chake ni wadudu kama mende, na kwa harufu ya samaki huja mbio. Methali yetu husema kwamba mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo, na watu huitumia kwa mambo ya wanadamu. Mimi kila nikiisikia huiona kwanza kama lawama kwa msanifu. Kwa nini umnase asiyekuwemo? Kibati hakina macho, hupima uzito tu, na kirukanjia ana uzito wa kipanya, mtoto wa kuku ana uzito wa kipanya, kidole cha mtoto ni kizito kuliko wote. Basi lile ambalo kibati hakiwezi kulitambua sharti litambuliwe na kitu kingine kabla ya kukifikia.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ambao kwa miongo kadhaa wamemchunguza panya shamba na kuonyesha jinsi mvua za vuli zinazokuja mapema na kwa wingi zinavyotangulia mafuriko ya panya mashambani, wanapohitaji mnyama aliye hai hutega kisanduku cha bati ambacho kamani yake haipigi kitu. Hufunga mlango tu, na sakafu yake ndiyo kibati. Nguvu yake ni haba, kwani mlango wa bati jepesi hautaki zaidi, lakini kifyatuo chake kimesanifiwa kwa uangalifu uleule. Aliyenaswa kimakosa humo hufunguliwa akaenda. Kwa shamba lenye panya buku, jamaa yake yule Magawa aliyefunzwa Morogoro na shirika la APOPO, akatunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kuyatambua mabomu ya ardhini huko Kambodia, nisingependa kutega chochote kingine.

Kwa ghala la jirani yangu tulifanya jambo la kati. Mtego wa ubao tuliutia ndani ya kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha bawaba, kirefu kiasi cha mkono kutoka kiganjani hadi kiwiko, na upande mmoja tukatoboa mlango wa mviringo wenye kipenyo cha sentimita 6, ambao panya wa darini huupita bila taabu; ndani yake tukaweka ubao wa kukinga, hata anayeingia hupinda kona mbili kabla ya kukiona chambo. Kuku hapiti, paka hapiti, na mkono wa mtoto wa miaka mitatu, hata ukiingia, haufiki penye upinde. Panya, kwa kuwa hupenda giza na kuta za pande zote, aliingia kwa radhi kuliko alivyoukaribia mtego ulio wazi.

Jambo moja bado namkumbusha mama huyu kila tunapoonana, kwa kuwa ni mwepesi wa kutenda. Panya akifa, mwili wake hupoa, na viroboto waliokuwa manyoyani humwacha wakatafuta damu nyingine yenye joto. Kwa hiyo asimshike kwa mkono mtupu, wala asimtupe njiani, bali alete ndoo ya maji yenye sabuni, autumbukize mtego mzima pamoja na mnyama, asubiri kidogo, kisha amtoe kwa koleo na kumfukia mbali na kisima. Baada ya hapo mtego huoshwa, hukaushwa juani, na ncha ya komeo huguswa tena kwa nta.

“Kila mara, Mwalimu?” aliniuliza.

“Kila mara, mama. Na vile vijiko vya maji navyo, kila mara.”